Kamera ya kwanza ya kazi: Lenzi na mwanga kwanza, megapikseli baadaye

KIJANA anayeanza kazi ya upigaji picha jijini Arusha hukabiliwa na uamuzi mgumu kabla hata hajapata mteja wake wa kwanza, nao ni uamuzi wa kununua kamera. Fedha alizonazo mara nyingi ni akiba ya miaka kadhaa, mkopo wa kikundi au mchango wa ndugu, na akikosea hana fedha nyingine za kurekebisha kosa hilo.

Kazi zipo. Arusha ni jiji la mikutano ya kimataifa, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kituo kikuu cha watalii wanaokwenda katika hifadhi za kaskazini. Mbali na hayo, kila mwisho wa wiki kuna harusi, sendofu, kipaimara, ubatizo na mahafali, kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni na kutoka Sakina hadi Usa River. Kila shughuli inahitaji mpiga picha.

Hata hivyo, si jambo geni kumkuta kijana aliyenunua kamera yenye namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, kisha Jumamosi ya kwanza ndani ya kanisa akagundua kwamba picha zake ni za giza, zimetikisika na nyuso za maharusi hazionekani vizuri. Hurudi dukani akilalamika kwamba ameuziwa kamera mbovu, wakati kamera haina ubovu wowote. Tatizo ni kwamba aliinunua kabla ya kujua kazi atakayoifanyia.

Kwa sababu hiyo, anayeanza anapaswa kuufuata uamuzi huu kwa mpangilio: kwanza aina ya picha anayotaka kupiga, pili mwanga na umbali wa mahali atakapoipigia, tatu lenzi inayoweza kuimudu hali hiyo, na kamera yenyewe iwe ya mwisho.

Kazi huamua kifaa

Mtu anayetaka kumbukumbu za familia na picha za kuweka mtandaoni huenda asihitaji kamera kabisa. Simu za kisasa hupiga picha nzuri sana mchana, na kwa mwanafunzi wa fani hii simu ni daftari zuri la kujifunzia mpangilio wa picha na mwelekeo wa mwanga. Kamera huanza kuwa ya lazima pale simu inaposhindwa, yaani kwenye giza, kwenye umbali mrefu, kwa kitu kinachokimbia, au pale mteja anapotaka picha kubwa ya kutundika ukutani.

Mpiga picha wa harusi hufanya kazi ndani ya kanisa, msikitini au ukumbini, mara nyingi usiku, akiwa hatua chache tu kutoka kwa watu anaowapiga. Adui yake ni giza. Mwongoza watalii anayetaka kupiga wanyama hufanya kazi mchana akiwa ndani ya gari, na adui yake ni umbali. Mpiga picha za mikutano hukutana na vyote viwili kwa pamoja: msemaji yuko mbali jukwaani na taa za ukumbi ni hafifu.

Watu hawa watatu wakiingia katika duka moja na kiasi kimoja cha fedha, hawapaswi kutoka na mzigo mmoja.

Mwanga wa Arusha una tabia zake

Arusha ipo takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na jua huchomoza na kuzama kwenye saa 12:30 au karibu na hapo. Mwanga laini wa dhahabu, ambao wapiga picha huupenda, haudumu muda mrefu kama katika nchi za Ulaya, kwani jua la ikweta hupanda haraka.

Ifikapo saa sita mchana jua huwa karibu utosini. Macho ya mtu hugeuka kuwa mashimo ya kivuli na gauni jeupe la bibi harusi hung'aa kupita kiasi. Hakuna kamera, hata iwe ya bei gani, inayoweza kulihamisha jua. Mpiga picha mwenye busara huwapeleka maharusi chini ya kivuli cha mti au kwenye baraza, jambo lisilogharimu hata senti moja.

Kati ya Juni na Agosti hali hubadilika. Mawingu ya Mlima Meru hufunika jiji asubuhi nyingi na kuufanya mwanga kuwa laini lakini hafifu. Ndani ya msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wanakoishi mbega weusi wenye manyoya meupe, huweza kuwa na kiza cha jioni hata saa nne asubuhi. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye Maziwa ya Momella, mwanga ni mkali, lakini flamingo wako mbali na ufukwe.

Katika hifadhi hiyo moja, basi, mpiga picha hukutana na matatizo yote mawili ya fani yake, giza na umbali, kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana eneo la Meru ni shule nzuri kwa anayetaka kuelewa kwa nini lenzi ina uzito kuliko boksi la kamera.

Megapikseli: Namba inayouza kuliko inavyosaidia

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya kamera, namba inayotembezwa zaidi ni ile ya megapikseli, yaani idadi ya vitone milioni vinavyounda picha. Mnunuzi huambiwa kwamba namba ikiwa kubwa basi na picha itakuwa nzuri. Hesabu rahisi inaonyesha vinginevyo.

Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye vitone 6,000 kwa 4,000. Picha hiyo ikichapishwa kwa kiwango cha juu cha vitone 300 kwa inchi, hupata upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 33 hivi. Kamera ya megapikseli 12 kwa kiwango hicho hicho hutoa picha ya sentimita 34 kwa 25, ambayo ni kubwa kuliko kurasa nyingi za albamu za harusi. Katika kioo cha simu, ambako picha nyingi za leo huishia, tofauti ya kamera hizo mbili haionekani.

Jambo lenye maana zaidi ni ukubwa wa kitambuzi cha mwanga, yaani kile kibapa kilicho nyuma ya lenzi ambacho kimechukua nafasi ya filamu ya zamani. Kitambuzi kikubwa hukusanya mwanga mwingi, hivyo picha za gizani huwa safi, bila chengachenga.

Kamera nyingi za wanaoanza zina kitambuzi cha kipimo kiitwacho APS-C, chenye upana wa milimita 23 hivi na kimo cha milimita 15. Kamera za bei kubwa zina kitambuzi cha fremu kamili, cha milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani, na eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya APS-C. Upande wa pili kuna kamera ndogo zenye zumu ndefu. Nikon Coolpix P900, iliyotoka mwaka 2015, ina zumu ya mara 83, lakini kitambuzi chake ni kidogo sana. Kamera ya aina hiyo humpiga flamingo wa mbali vizuri wakati wa jua kali, lakini ukumbini usiku huelemewa.

Kwa anayeanza kazi ya kulipwa, APS-C ni mahali pazuri pa kuanzia. Kitambuzi hicho kinatosha kwa kanisa na ukumbi endapo lenzi ni sahihi, na bei ya lenzi zake ni nafuu.

Lenzi ndiyo jicho

Kamera nyingi huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Lenzi hiyo si mbaya. Hupiga mandhari, kundi la wanafamilia na picha za mchana bila taabu. Udhaifu wake ni tundu linalopitisha mwanga. Zumu ikivutwa hadi mwisho, tundu hilo kwa kawaida huishia kwenye kipimo cha f/5.6, na ieleweke kwamba namba ya f ikiwa kubwa tundu huwa dogo.

Kuna lenzi nyingine ndogo isiyo na zumu, ya milimita 50 na tundu la f/1.8, ambayo kampuni karibu zote huitengeneza na kuiuza kwa bei ya chini ikilinganishwa na lenzi nyingine. Tundu hilo hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya lile la f/5.6.

Mara kumi si jambo dogo. Iwapo lenzi ya kwanza ukumbini inahitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde ili kupata picha yenye mwanga wa kutosha, muda ambao mtu anayecheza muziki huonekana kama moshi, lenzi ya pili itahitaji sehemu moja ya mia tu, na sura ya mchezaji itatulia. Kamera ni ile ile na ukumbi ni ule ule.

Kwa mpiga picha wa harusi na kipaimara, basi, lenzi ya f/1.8 ndiyo ununuzi wa pili baada ya kamera. Nikon walitoa lenzi ya milimita 35 ya f/1.8 kwa ajili ya kamera zao za APS-C mwaka 2009, na Canon wakatoa ya milimita 50 ya f/1.8 yenye mota tulivu mwaka 2015. Zote mbili hupatikana pia zikiwa zimetumika.

Kwa anayelenga wanyama, fedha hizo ziende kwenye lenzi ndefu, inayofikia milimita 250 au 300. Juu ya kitambuzi cha APS-C, milimita 300 huona sawa na milimita 450 au zaidi katika fremu kamili. Twiga wa Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyasi ulio karibu na lango la Ngongongare katika Hifadhi ya Arusha, husimama karibu kiasi kwamba hata lenzi fupi huwatosha. Ndege ndiye hudai urefu. Aidha, lenzi yenye kitulizaji cha mtikisiko husaidia sana ndani ya gari, ilimradi dereva azime injini.

Yenye kioo au isiyo na kioo?

Mwaka 2003 Canon walitoa EOS 300D, kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi iliyouzwa Marekani kwa bei iliyo chini ya dola 1,000, na mwaka uliofuata Nikon wakaja na D70. Kamera hizo, zijulikanazo kwa kifupi kama DSLR, zina kioo cha ndani kinachoakisi taswira kutoka kwenye lenzi hadi kwenye jicho la mpigaji.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Kamera zisizo na kioo hicho, ambazo huonyesha taswira kwa skrini ndogo ya kielektroniki, zimechukua nafasi ya mbele. Canon na Nikon walizindua mifumo yao mikubwa ya aina hiyo mwaka 2018, ile ya RF na ile ya Z, wakati Sony walikuwa wametangulia kwa mfumo wa E tangu mwaka 2010. Nguvu ya watengenezaji hao imeelekezwa huko.

Je, DSLR imekufa? Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo jibu ni hapana. Kuondoka kwake dukani kumezifanya DSLR nyingi nzuri na lenzi zake kuuzwa kwa bei nafuu zikiwa zimetumika. Betri yake pia hudumu. Nikon D3500 ya mwaka 2018 imekadiriwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, ilhali kamera nyingi ndogo zisizo na kioo huishia mia tatu hadi mia nne kwa vipimo vya aina hiyo. Kwa harusi inayoanza saluni saa mbili asubuhi na kuishia ukumbini saa sita usiku, hilo ni jambo la kuzingatia.

Kwa upande mwingine, kamera isiyo na kioo humwonyesha mwanafunzi picha itakavyokuwa kabla hajabonyeza, huyafuata macho ya mtu yenyewe, na hurekodi video kwa urahisi zaidi. Canon EOS R50 ya mwaka 2023, Nikon Z30 ya mwaka 2022 na Sony ZV-E10 ya mwaka 2021 ni miongoni mwa kamera za kundi hilo. Anayetarajia kuchanganya picha za mnato na video atafaidika nazo.

Jambo la msingi ni kwamba kununua kamera ni kuingia katika ukoo wa lenzi. Lenzi za DSLR za Canon hukubali kufungwa kwenye kamera za RF kwa kutumia kiunganishi, lakini lenzi za RF haziingii kwenye DSLR. Mfumo wa Canon wa EF-M umesitishwa, hivyo anayeshawishiwa na bei yake ndogo ajue kwamba ukoo huo hauongezi watoto.

Mitego isiyoandikwa kwenye boksi

Baadhi ya makosa hayaonekani hadi fedha zimekwishatoka mkononi. Mosi, kamera ndogo za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga ndani yake. Mtu akinunua lenzi ya zamani ya milimita 50 yenye alama ya D, italazimu alenge kwa mkono. Anayezitumia kamera hizo atafute lenzi yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P, na zile za AF-P ahakikishe kwanza kwamba kamera yake inazikubali.

Pili, Canon EOS 2000D na 4000D, zote za mwaka 2018, hazina mguso wa katikati pale juu panapopachikwa taa ya flashi. Flashi nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine hutegemea mguso huo, na hapo hazitawaka. Kwa mpiga picha wa ukumbini, kasoro hiyo inaweza kumwongezea gharama ambayo hakuipangia.

Tatu, kamera za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mara nyingi huwa na menyu ya Kijapani pekee. Mnunuzi awashe kamera, afungue menyu na ahakikishe lugha anayoielewa ipo kabla ya kulipa.

Nne, umeme wa Tanzania hutembea kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Anayerekodi video achague mfumo wa PAL, wa picha 25 au 50 kwa sekunde, la sivyo taa za ukumbi zitaonekana zikimeta-meta. Tano, kadi za kumbukumbu bandia ni nyingi. Njia ya uhakika ni kuijaza kadi mpya hadi mwisho na kuyafungua mafaili yote kabla ya kuipeleka kazini.

Kununua iliyotumika si aibu

Historia ya fani hii Afrika Mashariki inatoa fundisho. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mtoto kwa kamera ya mkononi ya Box Brownie iliyokwishatumika. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha alizopiga za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu na kuamsha misaada mikubwa. Alifariki Novemba 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na visiwa vya Comoro. Kamera yake ya kwanza ilikuwa ya mitumba.

Hata hivyo, mitumba huhitaji macho. Mnunuzi aende mchana, akiwa na kadi yake na tochi. Aimulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma, na akiona nyuzi mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu, aiache. Apige picha ya anga au ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/16, na madoa yatakayojitokeza ni vumbi la kwenye kitambuzi. Afunike lenzi na kupiga picha ya giza, kisha aikuze kutafuta vitone vinavyowaka.

Aulize pia shata imefunguka mara ngapi. Kamera kama Nikon D5600 hufanyiwa majaribio ya mara 100,000. Kupita hapo si kifo cha lazima, lakini bei inapaswa kuteremka. Katika kamera za Nikon idadi hiyo hufichwa ndani ya faili la picha, na kuna programu za kompyuta zinazoisoma.

Suala la mwisho ni la kisheria. Arusha ni jiji la wageni, na kamera ya mgeni inaweza kuibwa asubuhi na kuuzwa mchana. Kununua mali ya wizi huku ukijua au ukiwa na sababu za kushuku ni kosa la jinai. Mnunuzi alinganishe namba ya utambulisho iliyo chini ya kamera na ile ya kwenye boksi au risiti, na aandikishiane na muuzaji mbele ya shahidi. Asiyetaka kuonyesha karatasi yoyote na anayeharakisha mauzo aachwe aende zake.

Anayenunua mpya adai risiti ya mashine ya EFD, maana bila hiyo dhamana ya duka ni maneno matupu. Aulize dhamana inahudumiwa nchi gani, kwa kuwa baadhi ya kamera zilizoingizwa kutoka Marekani au Asia zina dhamana isiyotambulika nje ya huko. Anayevuka Namanga kununua Nairobi naye akumbuke kutoa taarifa forodha wakati wa kurudi, na aweke kodi katika hesabu yake kabla ya kusema amepata bei nafuu.

Gawanya fedha kabla ya kuingia dukani

Kosa linaloua biashara nyingi changa ni kumaliza fedha zote kwenye kamera. Mgawanyo unaofaa kwa anayeanza ni huu: kati ya kila sehemu kumi za fedha, nne au tano ziende kwenye bodi, tatu kwenye lenzi, na zilizobaki zinunue vifaa vingine.

Vifaa hivyo si mapambo. Betri ya pili ni ya lazima, kwani umeme unaweza kukatika usiku wa kuamkia harusi. Kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, maana moja ikiharibika nusu ya shughuli huwa imesalimika. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala humwokoa mpiga picha na aibu ya kumwambia bibi harusi kwamba picha zimepotea, kwani harusi hairudiwi. Mfuko unaofungika vizuri huzuia vumbi la barabara za hifadhini, na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu huikinga lenzi na kuvu.

Anayepanga kupanda Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, aongeze tahadhari nyingine. Wapandaji huondoka kibanda cha Saddle usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri, na baridi ya saa hizo huidhoofisha betri upesi. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Katika safari hiyo kamera nyepesi na lenzi moja huleta picha nyingi kuliko begi zito linaloachwa kibandani.

Kamera haitoi ruhusa

Mwenye kamera kubwa huonekana haraka kuliko mwenye simu. Maeneo ya jeshi na ya usalama hayapigwi picha. Kurekodi filamu au picha za kibiashara ndani ya hifadhi za Taifa huhitaji kibali, na ndege zisizo na rubani haziruhusiwi humo bila idhini maalumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeongeza uzito wa kuheshimu faragha ya watu.

Zaidi ya sheria kuna ustaarabu. Mama anayeuza ndizi soko la Tengeru na mzee wa Kimaasai aliyesimama kando ya barabara si mandhari. Salamu hutangulia, ombi hufuata, na jibu la hapana huheshimiwa.

Mwezi wa kwanza

Baada ya kununua, anayeanza asikimbilie harusi ya kulipwa. Atumie majuma manne akipiga kila siku kwa lenzi moja tu, asubuhi, adhuhuri na usiku. Ajifunze kuhifadhi mafaili ghafi, yale ambayo menyu ya kamera huyaandika RAW, kwani huruhusu marekebisho makubwa zaidi. Hilo lina faida ya pekee harusini, ambako gauni jeupe huidanganya kamera kupunguza mwanga na kuziacha nyuso za watu weusi gizani. Dawa yake ni kupima mwanga kwenye uso, kisha gauni likafuata.

Kisha aombe kumsindikiza mpiga picha mzoefu katika shughuli mbili au tatu, hata bila malipo, abebe begi na atazame. Huko ataona ni lenzi ipi inayotoka mfukoni mara nyingi na ipi isiyotoka kabisa, na hapo ndipo atakapojua ununuzi wake wa pili uwe upi.

Kwa yule ambaye bado hajanunua, ushauri ni kwenda na simu yake Jumamosi moja kanisani, ukumbini na kwenye Maziwa ya Momella, na kuandika kila mahali simu iliposhindwa. Orodha hiyo ndiyo aende nayo dukani, na muuzaji akitaja megapikseli, amwonyeshe orodha.